Kiti cha Mjomba

Mdogo wangu Sostenes, tuliyetoka naye tumbo moja, alinikana mbele ya watu waliokuja kumposa binti yangu. Aliwaambia kwamba mimi nilikuwa msichana wa kazi nyumbani kwa wazazi wake. Alisema hayo sebuleni kwangu, hapa Sanyuanli, Guangzhou, akiwa amekalia kiti nilichomwekea mimi na kikombe cha chai yangu mkononi.

Nimelitaja kosa mwanzoni ili msomaji asije akadhani ninagombania hela. Sostenes hana hela yangu. Nitasimulia maisha yake jinsi ninavyoyajua, na hakuna mtu katika mji huu anayeyajua zaidi yangu, maana mgongo wa kwanza kumbeba baada ya ule wa mama ulikuwa wangu.

Ukimwuliza leo kwao ni wapi, atakwambia Upanga, Dar es Salaam. Baba yake, kwa maneno yake, alikuwa meneja wa benki. Yeye ni ajenti. Huwapokea wafanyabiashara wetu uwanja wa ndege, huwazungusha kwenye majengo ya nguo ya Guangyuan Xilu, huwasemea bei kwa Wachina, kisha huwafungia mzigo na kuupakia kwenye kontena. Kazi hiyo anaiweza, siwezi kumnyima. Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofa ya sita. Ukutani ametundika picha kubwa ya Mlima Kilimanjaro, mlima ambao hajakanyaga hata vumbi la miguuni pake.

Kwao ni Masasi. Si Masasi mjini, ni kijijini, chini ya yale majabali, mwendo wa nusu siku kwa miguu enzi zile. Sisi ni Wamakua. Baba yetu alikuwa mrina asali, na benki pekee aliyopata kuisimamia ni mizinga yake kumi na minne msituni, nayo wateja wake walikuwa wakali. Mama yetu alikuwa na chale za nembo mashavuni, alizochanjwa akiwa mwali, na alikuwa mwanamke mzuri kuliko wanawake wote waliochora nyusi kwa kalamu niliowaona katika maisha yangu.

Kwa kuwa Sostenes haoni aibu kusema uongo, mimi sitaona aibu kusema kweli. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Kiangazi tulichimba ming'oko, mizizi ya porini iliyo kama viazi, tukaichemsha, tukaila kwa chumvi na pilipili, na hadi leo nikiiota usiku naamka na mate mdomoni. Na panya tulikula. Ndiyo, panya wa mashambani, wanaokula nafaka na karanga safi, tuliowatega baada ya mavuno na kuwakausha juu ya moto wamepangwa kwenye vijiti. Anayecheka acheke. Lakini kwanza aniambie yule kuku wa friza anayemla hapa, aliyekua kwa siku thelathini na tano bila kuona jua, alilishwa nini.

Kwetu mtu akiuguliwa msimu wa kulima, anaamka asubuhi anakuta shamba lake limekwisha pigwa jembe. Majirani wamekuja na kuondoka, na hakuna atakayesema ni nani. Kwetu mgeni haulizwi atakaa siku ngapi. Nimeishi Dar miaka sita na hapa miaka minane, na bado sijaona ustaarabu wa kuuzidi ule. Nimeona lifti. Nimeona milango inayojifungua yenyewe kwa watu wasiojuana.

Mimi sikukaa darasani hata siku moja. Shamba letu la karanga lilipakana na msitu, na ngedere wa kule ni wengi kuliko watu. Ilibidi mtoto mmoja ashinde juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba, akipiga debe kuwafukuza. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Karanga zilizopona zikampeleka Sostenes shule. Kusoma na kuandika nilifundishwa ukubwani na mke wa mchungaji wetu, nikiwa na mimba ya binti yangu Joyness. Alinichapa vidole kwa rula kama mtoto, na namshukuru, maana leo naweza kuyaandika haya mwenyewe bila kumwomba mtu.

Sostenes alipofika sekondari ya bweni, mama alikwenda kumtembelea. Alitembea, akalala njiani kwa watu, akatembea tena, na kikapu cha karanga za kukaanga kichwani. Alimkuta mwanawe amesimama getini na wenzake. Mmoja akamwuliza, "Sosi, yule mama anakuita wewe?" Sostenes akajibu, "Anauza karanga." Akamsogelea mama, akatoa sarafu mfukoni, akanunua karanga za mama yake mwenyewe, akagawia wenzake.

Mama alirudi akitusimulia huku anacheka. "Leo mwanangu ameniungisha," alisema. Mimi nilitaka kwenda huko huko kumfinya masikio. Mama akanizuia akasema neno alilokuwa akilisema siku zote: "Ndugu yako akijamba mbele za watu, wewe ndiye unayekohoa." Ndivyo tulivyolelewa. Aibu ya ndugu hufunikwa kwanza, kugombana ni baadaye, tena ndani, mlango ukiwa umefungwa. Mama alikohoa hadi anaingia kaburini, na Sostenes hakuwahi kurudi kumwambia pole.

Miaka minane iliyopita alinipigia simu Dar, nikiwa mjane nauza chakula Temeke. "Dada, njoo huku. Wafanyabiashara wanataka ugali na mboga za nyumbani, wamechoka na tambi. Utapika, mimi nitakuletea wateja." Nikaja. Uwanja wa ndege alinipokea vizuri, akanibebea begi, kisha kwenye gari akaniambia, "Dada, hapa tuitane majina tu. Mambo ya udugu tuyaache nyumbani."

Mimi nikadhani ni mambo ya vibali. Nilikuwa nimesikia jinsi polisi wa hapa wanavyohesabu watu na makaratasi yao, nikaona labda ndugu wawili mji mmoja ni tatizo. Kosa langu lilikuwa hilo. Mtu aliyelelewa kwetu hawezi kuwaza kwamba ndugu yake anamwonea haya. Atawaza polisi kwanza.

Basi akawa ananiita Mama Joy kama wateja wote, nami nikamwita Sostenes. Wafanyabiashara wakawa wanakuja kula mezani kwangu mchana. Wengi ni watu wa Kariakoo, wale wanaonunua feni mbovu kwa sababu boksi lake lina rangi nzuri, na hao ndio waliokuwa wakisema watu wa Kusini ni wajinga. Kila barabara ya mji wao imejaa wamachinga, jina lililotoka kwa watu wa kwetu waliokwenda huko na bidhaa mkononi, halafu wanasema hatujui biashara.

Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Sostenes. Siku moja nikiwa naweka sahani mezani nilimsikia akisema, "Hawa watu wa korosho, bwana! Kwao paka hafugwi kabisa."

"Kwa nini?" mmoja akauliza.

"Anawamalizia mboga!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Mimi nikaweka sahani yake mbele yake. Alikuwa ameila mboga hiyo kwa mikono yangu, nikimtolea vifupa vya mbavu za panya asije akapaliwa. Chausiku, Mndengereko wa Rufiji anayenisaidia jikoni, alinitazama usoni akaninong'oneza, "Mama Joy, huyu kaka mbona anacheka kwa nguvu hivyo? Kama mtu anayefukuza kitu." Chausiku ana macho. Nikamwambia akakoroge maharage.

Nikakohoa miaka minane.

Sasa lazima nieleze jambo la mjomba, maana wengine hawalijui. Kwetu ukoo hupita kwa mama. Watoto aliozaa Sostenes na mwanamke wake wa Dar ni wa ukoo wa mama yao, hata wakifanana naye pua. Damu yake yeye, watu watakaobeba ukoo wake akishafukiwa, ni watoto wa dada yake. Ana dada mmoja, mimi. Nina mtoto mmoja, Joyness. Kwa hiyo mjomba kwetu si mtu wa kuleta zawadi za Krismasi. Mjomba ndiye mlango. Anayetaka binti humwona yeye, na mjomba ndiye anayeuliza, "Mmefuata nini?" na ndiye anayejibu, "Tumesikia." Baba anaweza kuwepo, mama anaweza kulia machozi, lakini bila mjomba posa ni maongezi tu.

Joyness alikuja kusoma Kichina, akamaliza, akabaki anawatafsiria wafanyabiashara. Akakutana na kijana Jovitus, Mhaya wa Bukoba, anayekagua jinzi kwenye viwanda vya Xintang kabla hazijafungwa. Kijana mpole, hana makuu, jambo linalowasikitisha ndugu zake. Hana baba. Aliyemlea ni baba yake mdogo, Cornel, mfanyabiashara mkubwa anayekuja hapa mara kadhaa kwa mwaka, na bila neno la Cornel yule kijana haoi.

Nilimpigia Sostenes. "Jumapili baada ya ibada wanakuja watu wa Joyness. Uje ukae kiti cha mjomba."

"Watu wa wapi?"

"Wahaya."

"Sawa, dada. Nitakuja." Aliniita dada, nikafurahi siku nzima kama mjinga.

Jumapili hiyo nilipika ndizi kwa heshima ya wageni na kisamvu kwa heshima yangu. Chausiku akanicheka. "Mama Joy, unapika kama unaolewa wewe."

"Ningeolewa mimi ningepika kidogo, ili waniache."

Niliazima kiti chenye mikono kwa bibi mmoja wa Kichina wa ghorofa ya chini, nikakiweka karibu na mlango, kinatazama wageni. Sostenes alifika mapema, amevaa suti. Alikaa, nikampa chai. Joyness alikuwa chumbani amefunga mlango, kama inavyotakiwa, sikio likiwa kwenye kitasa, kama inavyotokea.

Wageni wakabisha hodi. Aliingia Cornel na wazee wawili wa kanisa. Mkononi alibeba kahawa za kutafuna za kwao, zimefungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. "Sisi Wahaya hatuendi kuposa mikono mitupu," akasema, "wala midomo mitupu." Ndipo akamwona aliyekaa kitini.

"Aa! Sostenes! Mtoto wa Upanga! Na wewe umo?"

Nilikuwa sijui kwamba wanajuana. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Cornel ni mteja wake mkubwa kuliko wote, kontena tatu kwa mwaka, na kwamba kwa miaka mingi Sostenes amekuwa akimlisha hadithi ya baba meneja wa benki. Kikombe cha Sostenes kilisimama katikati ya kisahani na mdomo.

"Nimo, Ta Cornel," akasema polepole, akimwita kwa heshima ya Kihaya.

"Unaingiaje hapa?"

Nikajibu mimi, kwa furaha, kwa sababu Mungu hakunipa macho ya Chausiku. "Ta Cornel, huyo ndiye mjomba wa binti. Mlango ndio huo."

Sostenes akatazama ndani ya chai. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha mezani. "Ta Cornel, unamjua Mama Joy. Sisi wote hapa ni kaka zake."

"Sijaelewa. Wewe ni mjomba au si mjomba?"

"Mama Joy alikuwa msichana wa kazi nyumbani kwetu Upanga. Kanibeba huyu. Mama yangu alimpenda sana. Sasa ananihesabu kama ndugu yake, na mimi simkatazi."

Simkatazi. Neno hilo ndilo nililolala nalo siku zilizofuata. Angalau angesema hanijui. Alinipa ruhusa ya kumpenda, kama mtu anayemwachia mbwa alale barazani.

Cornel akanigeukia, akaniita jina langu kwa heshima ya kwao. "Ma Edina, ndivyo?"

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ningeweza kutaja mizinga kumi na minne. Ningeweza kutaja kovu lililo kwenye kisigino chake, la jembe langu, tulipokuwa tunavuna karanga. Chausiku alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi kama askari. Lakini wakwe walikuwa wamekaa, na dada hamvui nguo kaka yake mbele ya wakwe. Malezi yale yale aliyokuwa akiyacheka mezani ndiyo yaliyomfunika siku hiyo.

"Mjomba hajafika," nikasema. "Karibuni chakula."

Cornel alikitazama kiti, kisha akanitazama mimi. Si mjinga, na maneno yangu mawili yalikuwa hayakai pamoja. "Ma Edina, wewe mwenyewe ulimweleza Jovitus kwamba kwenu mjomba ndiye mlango. Sasa tumefika, mlango haupo, na tulioonyeshwa si wenyewe. Sisi hatupiti dirishani." Akazitia kahawa zake mfukoni. Mwisho wa mwezi alikuwa anasafiri kurudi Bukoba. Wakaondoka bila kula. Sostenes akawasindikiza hadi kwenye lifti, akiwachekesha.

Joyness akatoka chumbani. "Mama, huyu si ndiye uliyenifundisha kumwita mjomba tangu sijaota meno?"

"Ndiye."

"Na umenyamaza."

"Nimenyamaza."

"Kwa hiyo kwa Ta Cornel wewe ni mwongo, na mimi ni mtoto wa mwongo." Akarudi chumbani. Hakusema nami tena mpaka Alhamisi, na mimi sikumlaumu. Kila neno lake lilikuwa kweli.

Jumatatu nilikwenda Guangyuan Xilu. Nilimkuta Sostenes chini, sehemu ya kupakilia, anahesabu marobota yanayosukumwa kwenye matoroli na wapagazi wenye vifua wazi. Aliponiona akatazama kushoto na kulia.

"Dada, usianze hapa."

"Leo umekumbuka mimi ni dada?"

"Ulitaka niseme nini? Yule Mhaya anapenda watu wenye kwao. Akijua mimi ni wa kule, kesho anatafuta ajenti mwingine."

"Wa kule wapi? Pataje jina."

"Wewe hujui ilivyo," akasema. "Unajua wananicheka vipi wakijua? Mimi nimetumia miaka ishirini kushuka kwenye lile dungu."

"Hukuwahi kulipanda. Aliyekuwa juu ya dungu ni mimi."

Hapo akaacha kuhesabu marobota, nikadhani limemwingia. Mpagazi akapita na toroli akimfokea kwa Kichina asogee, akasogea, na aliposimama tena alikuwa ajenti. "Basi nitalipia ukumbi. Wakikubali, ukumbi ni juu yangu, na keki."

"Sikuja kutafuta keki, Sostenes. Nenda kwa Cornel, mseme naye ninyi wawili tu. Mwambie ulipatwa na woga. Mwanamume anaruhusiwa kuogopa mara moja."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Marobota yangu yanapakiwa vibaya, Mama Joy," akasema, akaniacha. Mama Joy, na hapakuwepo mtu anayejua Kiswahili hatua mia moja kutoka pale. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mtu anayekukana mbele za watu anaogopa watu, lakini anayekukana mkiwa wawili amekwisha kuamini mwenyewe.

Aliyetuokoa ni Maulid. Huyu ni Myao wa Tunduru, muuza simu, mtu wa mdomo mchafu na moyo safi. Wayao na sisi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana msibani ukamshukuru, na ana haki ya kuingilia mambo yako bila kuitwa. Chausiku alimsimulia, nami sikumkataza. Maulid akaja akasimama mlangoni kwangu akapaza sauti:

"We Mmakua! Nasikia kiti chako kimekimbiwa! Nyie hata viti vinawashinda, ndiyo maana zamani mlikaa chini!"

"Ingia, Myao, kabla sijakumwagia maji ya ugali."

"Siingii. Nakwenda Xintang alikofikia Cornel, yule Mhaya wenu."

Alikwenda. Alirudi jioni amechoka. "Amekubali kurudi Jumapili. Lakini mnipe pole. Nimemsikiliza akinieleza kwa Kiingereza shule alizosoma, saa mbili nzima, na mimi naitikia yes, yes. Hakuna Myao aliyepata kuteseka hivyo kwa ajili ya Mmakua."

Jumapili ya pili Cornel aliingia na wazee wake wale wale, akamkuta Maulid amejaa kwenye kiti, kofia upande.

"Wewe ndiye mjomba?"

"Mimi ni mtani. Mwenye kiti ametoka kidogo, nimemshikia. Akichelewa nakula na kuku wake." Kisha akabadilisha sauti, akaketi sawasawa, akauliza kama inavyopaswa, "Haya, wageni. Mmefuata nini?"

Cornel alicheka mpaka akafuta macho. Akatoa kahawa, tukatafuna wote, chungu kama dawa, na mambo yakaenda. Jikoni Chausiku akapiga vigelegele. Mlango wa chumbani ukasikika ukigongwa kwa ndani mara mbili, maana Joyness hakuweza kujizuia.

Wakati wa kuaga Cornel aliniinamia. "Ma Edina. Mwenye kiti yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mbali?"

"Mbali sana, Ta Cornel." Sostenes anakaa vituo viwili vya basi kutoka kwangu.

Cornel akaitika kwa kichwa, hakuuliza zaidi. Huenda alikuwa anajua, huenda hajui. Wahaya hupenda kusema kila wanachojua, kwa hiyo nadhani hakujua.

Lingeishia hapo, ningebaki nimenyamaza. Kimya changu kilikuwa cha siku moja, cha kuwaficha wakwe aibu, na ningekibeba. Lakini Sostenes alikuja kwenye sherehe ya harusi. Alileta televisheni kubwa imefungwa utepe mwekundu. Akaomba kipaza sauti. Akasema mbele ya watu zaidi ya mia, "Namshukuru huyu mama, mpishi wetu sote, aliyenilea nyumbani kwetu Upanga. Leo na yeye amepata." Watu wakapiga makofi. Cornel akapiga makofi. Joyness, amevaa shela, akanitazama kutoka meza ya maharusi, na macho yake yalikuwa yananiuliza swali lile lile la Jumapili ya kwanza.

Nilikuwa nimemfunika kwa nguo yangu, naye akaikata akashona suti. Hapo kikohozi kikaniisha.

Sijamwambia Ta Cornel kwa mdomo. Atasoma hapa kama wengine, na wale wa Kariakoo watasoma, na kama watataka kucheka, wamcheke Sostenes, sio Masasi. Masasi haikumfanyia kosa. Ilimlisha, ikamsomesha kwa karanga, ikamfundisha kuamkia wakubwa na kugawana kidogo. Yeye ndiye aliyechagua kuwa mtoto wa ukuta wenye picha ya mlima wa watu wengine. Mtu anayeionea haya sahani aliyolelewa nayo hawezi kushiba popote, na nimemwona akila mezani kwangu miaka minane. Hashibi.

Mtani alishika kiti, hakukimiliki. Kwetu aliloliitikia mtani lazima mwenyewe alirudie, na mtoto wa kwanza hupewa jina na mjomba wa mama yake kabla hajatolewa nje. Joyness ana mimba ya miezi saba. Jovitus ameniuliza mara mbili, kwa adabu, jina litatoka kwa nani.

Anayedaiwa ni Sostenes, mtoto wa mrina asali. Anadaiwa aje mchana, aketi mbele ya Ta Cornel na wale wazee wawili, aseme kwa mdomo wake kwamba kwao ni Masasi, kwamba Edina ni dada yake wa tumbo moja, na kwamba Joyness ni mtoto wake. Kisha anadaiwa jina. Mtoto anategemewa mwezi wa Agosti.